Msuli wa Washonaji

Fundi alikuwa na miaka sitini na mbili, na kwa miaka arobaini na minne kati ya hiyo alishona akiwa amekaa juu ya meza. Siyo mezani, juu ya meza. Kazi za cherehani alimwachia mkewe, mwanamke mwenye mguu mwepesi wa kukanyaga pedali na ulimi mwepesi zaidi. Yeye alichukua zile ambazo cherehani haiziwezi: matundu ya vifungo, kola za makoti, mapindo ya nguo za heshima. Alivua kandambili, akapanda juu ya meza ya kukatia, akakunja miguu, mmoja chini ya paja la mwenzake, akaipakata nguo, na kuanzia hapo usingemwona akishuka mpaka chai ya saa nne. Fundi aliyemfundisha alikaa hivyo, na aliyemfundisha huyo naye alikaa hivyo. Nguo ikipakatwa haigusi sakafu, wala uzito wake hauvuti sindano. Mtu akimuuliza kwa nini asitumie kiti kama binadamu wengine, alijibu kwamba viti ni vya wateja.

Basi paja la kushoto likamgomea. Maumivu yalianza kama kidole kinachofinya karibu na nyonga, yakateremka kwa ndani mpaka chini ya goti, na asubuhi moja alipotaka kushuka mezani alishuka nusu. Nusu nyingine ilibaki juu, ikabidi mkewe aache cherehani aje kuiteremsha.

"Leo unakwenda hospitali," mkewe akasema.

"Itapoa yenyewe."

"Fundi, harusi ni baada ya siku kumi na mbili. Unataka kumwingiza mtoto ukumbini ukiwa umebebwa kama gunia?" Hata mkewe alimwita Fundi, kwa sababu walijuana mwanamke huyo akiwa mteja aliyeleta sketi ya kupunguzwa.

Hapo alimpatia. Binti yao alikuwa wa pekee, na katika mipango yote ya harusi hakudai ukumbi mkubwa wala magari ya kifahari. Aliomba mambo mawili tu: baba amshonee gauni, na baba huyohuyo amshike mkono amwingize ukumbini. Siku alipoombwa, Fundi alijibu "Hilo tu?" kwa sauti ya mtu asiyejali, kisha akaenda nyuma ya duka akakaa huko kitambo kizima, maana machozi yalikuwa yamemlenga na kulikuwa na mteja anasubiri suruali.

Akaenda hospitali. Alipelekwa chumba cha mazoezi ya viungo, chenye vitanda viwili, mpira mkubwa wa kukalia na picha ya mtu asiye na ngozi iliyobandikwa ukutani. Mtaalamu wa viungo alikuwa dada mmoja wa rika la binti yake. Alimpa shikamoo, akamlaza, akamkunja, akamnyoosha, akabonyeza hapa na pale mpaka Fundi akasahau adabu na kutoa mlio.

"Mzee, msuli huu umevutika," dada akasema. "Unaanzia hapa nyongani kwa nje, unakatiza paja, unaishia hapa chini ya goti kwa ndani. Ndio mrefu kuliko misuli yote ya mwili. Huwa unakunja miguu kwa muda gani?"

"Miaka arobaini na minne."

"Naulizia kwa siku."

"Tangu asubuhi mpaka jioni. Nashuka kunywa chai."

Dada akavuta pumzi. Akamwambia wazi kwamba kwa wiki mbili zijazo ni marufuku kukunja miguu. Akae kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni. Akitii, siku ya harusi atatembea kama kijana. Akikaidi, atachechemea mbele ya wageni wote, na huenda asitembee kabisa. Fundi akanywea. Alionekana mdogo pale kitandani, na soksi zake zenye viraka alivyoshona mwenyewe kwa ustadi mkubwa. Dada alikuwa mtu mwenye huruma, akataka kumchangamsha kidogo, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

"Lakini unajua msuli wenyewe unaitwaje?" akasema. "Unaitwa sartorius. Waingereza walilichukua jina hilo kutoka Kilatini. *Sartor* ni fundi wa kushona nguo. Inasemekana washonaji wa zamani walikaa hivyohivyo unavyokaa wewe, na msuli huu ndio unaokunja mguu ukae vile. Basi wakaupa jina lao."

Fundi akainuka kwa kiwiko. "Hebu rudia."

Akarudia.

"Na madaktari wote wanalijua jina hilo?"

"Wote. Tunatahiniwa mwaka wa kwanza."

"Wanasheria nao wana msuli wao?"

"Hapana, sijausikia."

"Walimu? Mameneja wa benki?"

"Hawana, mzee."

Fundi aliteremka kitandani taratibu, kama mtu aliyevishwa joho, akamwomba dada amchoree. Dada akamchorea mguu kwenye karatasi, msuli akaupaka kalamu nyekundu, na chini yake akaandika jina kwa herufi kubwa. Laiti angemwandikia dawa ya kuchua akamaliza.

Jioni hiyo karatasi ilibandikwa dukani juu ya kioo cha kujaribia nguo, mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa. Mke alipoelezwa aliitazama sana, kisha akauliza msuli wa mke wa fundi uko wapi. Fundi akamjibu kwamba watatumia huohuo. Kuanzia siku ya pili hakuna aliyepimwa suruali bila kupewa somo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kupunguziwa kiuno, akajikuta amesimama robo saa na futi imezungushwa pajani.

"Tulia, mwalimu," Fundi alimwambia. "Hapa nipo kwenye msuli wangu. Wewe unautembelea tu."

Kichwa kilimvimba, hilo sitalificha. Alitii habari ya kiti, lakini alikaa juu yake kama mfalme aliyehamishwa kwa muda, na kila aliyeingia aliambiwa kwamba daktari anaweza kusahau jina la mkewe lakini jina la washonaji hawezi.

Aliyeumia zaidi alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye mtaa wote ulimwita Kisigino. Kati ya maduka yao kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na kwa miaka ishirini walikuwa wakizozana kupitia ukuta huo bila kuonana nyuso, kila mmoja akiendelea na kazi yake. Walikuwa marafiki wakubwa. Kisigino alivumilia somo la msuli siku nne. Siku ya tano alifunga duka, akapiga viatu vyake rangi, akaenda hospitali kuuliza mafundi viatu wamepewa nini. Alirudi mchana, akaketi, akaanza kugonga misumari bila neno.

"Jirani, umepata chochote?" Fundi akauliza.

"Nilikuwa na mambo yangu."

Mke wa Fundi, anayeweza kulitoa jiwe siri, alimpelekea kikombe cha chai na kurudi na habari kamili. Kwa kweli mafundi viatu walikuwa na kitu chao. Hakikuwa msuli. Kilikuwa kifua kilichobonyea katikati, ambacho wazungu wa zamani walikiita kifua cha fundi viatu, eti kwa sababu ya kukandamiza kiatu kifuani wakati wa kushona. Yaani kilema. Fundi alicheka mpaka paja likamuuma, na hakutosheka na kucheka; alianza kuwaambia wateja, somo la pili baada ya somo la kwanza. Hapo alikosea, nasema hivyo ingawa nampenda. Mtu mzima aliyefunga duka na kupiga viatu rangi ili akajitafutie heshima kidogo hachekwi.

Kisigino alirudi hospitali mara ya pili, safari hii na viatu vya yule dada alivyokuwa amevichukua safari ya kwanza akavibadilisha soli, na dada, kwa kuwa ni mkweli, akamfungulia kitabu. Jioni yake Kisigino akasimama kwenye mlango wa duka la Fundi, akahakikisha kuna wateja watatu, akajikohoza.

"Jirani, nimekuulizia habari za msuli wako," akasema. "Kumbe wataalamu hawajakubaliana. Wako wanaosema ni kwa ajili ya ule mkao. Na wako wanaosema umeitwa hivyo kwa sababu uko pale fundi anapopitisha futi akipima suruali kwa ndani. Yaani hamkuufanyia kazi yoyote. Mlikuwa mnapita tu."

Wateja wakacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa mwalimu mkuu. Fundi akarudi kwenye kiti chake, akavuta uzi mpaka ukakatika.

Ingekuwa ni maneno hayo peke yake, yangepita. Lakini kulikuwa na gauni. Lilikuwa limekamilika kila mahali isipokuwa pindo, na pindo lenyewe lilikuwa mita nane kuzunguka, hariri laini ya kuteleza, la kushonwa kwa mkono kwa mshono usioonekana. Kwenye kiti kazi ilikuwa inamshinda. Gauni liliteleza kutoka magotini, uzito wake ukavuta uzi, na mishono ikajitokeza kwa nje kama sisimizi waliojipanga. Alikuwa ameshona na kufumua mara tatu. Zilibaki siku tatu.

"Lete nilipitishe cherehani," mkewe alimshauri. "Nani atainama kutazama pindo siku ya harusi?"

"Mimi."

"Wewe utakuwa unamtazama mtoto."

"Mtoto atakuwa ndani ya gauni."

Asubuhi iliyofuata mkewe na binti walikwenda kukagua ukumbi, wakamwacha peke yake dukani. Fundi alitazama karatasi juu ya kioo. Akatazama gauni. Akatazama meza. Ng'ambo ya ukuta Kisigino alikuwa anapiga mluzi, na Fundi aliona kabisa kwamba ule mluzi ulikuwa wa kejeli. Akajiambia atakaa kidogo tu, aone kama mkao una kazi au hauna. Akavua kandambili.

Paja lilimchoma alipokunja, kisha likatulia. Gauni likamjaa mapajani, likakaa. Mkono ukakumbuka. Mshono wa kwanza ukazama kwenye hariri ukapotea, na wa pili, na wa kumi. Sitamtetea, saa ya kwanza alishona kwa ajili ya msuli, ili jirani aaibike. Lakini kuanzia saa ya pili alikuwa amemsahau jirani na Kilatini chake. Alikuwa anamkumbuka binti yake akiwa na miaka minne, akilala chini ya meza hiyohiyo juu ya vipande vya vitambaa, na jinsi alivyokuwa akimteremshia mguu mmoja amshike kidole gumba mpaka usingizi umchukue. Chai ya saa nne ikapita. Chakula cha mchana kikapita. Saa kumi jioni alikata uzi wa mwisho, akalizungusha pindo lote kwenye mwanga wa dirisha, na hakuona mshono hata mmoja.

Kisha akataka kushuka.

Mguu wa kulia ulikunjuka. Wa kushoto ulikataa, siyo kwa maumivu tu. Haukuwa na habari naye. Alijaribu kuunyoosha kwa mikono yote miwili, jasho likamtoka mpaka puani.

"Jirani," akaita.

"Naam," ikajibu mbao.

"Njoo."

"Nina kazi."

"Njoo, tafadhali."

Kwa miaka ishirini neno hilo lilikuwa halijawahi kuvuka ukuta ule. Kisigino aliangusha nyundo, akaja mbio na kiatu kimoja cha mteja bado mkononi. Alimkuta Fundi juu ya meza, gauni jeupe limemzunguka pande zote, kichwa tu na mabega vikitokeza.

"Umekaa," Kisigino akasema.

"Nimekaa. Niteremshe."

Kumteremsha kulichukua muda. Kwanza ilibidi gauni litolewe bila kuguswa na mikono yenye gundi, kwa hiyo Kisigino aliagizwa kunawa mara mbili kwa sabuni. Halafu akajaribu kumbeba kama mtoto, wakashindwana. Akajaribu kumgeuzia mgongo, Fundi akamdandia, wakaenda hatua mbili na kukwama kati ya cherehani na kioo. Mwishowe alimtelezesha kutoka mezani kama jeneza, akamlaza juu ya marobota ya vitambaa, na wote wawili wakabaki wanahema. Kisigino akageukia gauni lililotundikwa. Alichuchumaa mbele ya pindo, akavaa miwani, akafuata mzunguko wote taratibu.

"Mshono uko wapi?" akauliza.

"Kazi yake ni kutoonekana."

Kisigino alikuwa fundi naye, na miaka yake ilikuwa mingi. "Basi ni mkao, jirani," akasema. "Siyo futi. Waandike watakavyo kwenye vitabu vyao, ni mkao."

Fundi alikuwa ametamani kuyasikia maneno hayo tangu jana yake, na sasa alipoyapata hayakumsaidia kusimama. Akamwomba radhi kwa habari ya kifua, pale pale alipolala. Kisigino akasema hakuwa anakumbuka kifua gani.

Mkewe aliporudi hakupiga kelele. Alimtazama, akalitazama gauni, akatoka kwenda kumwita dada wa hospitali, na ukimya ule ulimtisha Fundi kuliko maneno. Dada alikuja na barafu na dawa, akamchua jioni hiyo na siku iliyofuata. Alimwambia ukweli wake: atatembea, lakini atachechemea, hakuna namna.

"Ningekuambia tu kwamba unaitwa msuli," dada akasema, na alikuwa amekasirika hasa, zaidi kwa nafsi yake.

Siku ikafika. Nje ya mlango wa ukumbi kulikuwa na ujia mwembamba, na hapo walisubiri: bibi harusi, wapambe sita waliofanya mazoezi ya kutembea wiki mbili nzima, watoto wawili wa maua, na mjomba, kaka wa mama yake, mrefu, amenyooka ndani ya suti aliyoshonewa na Fundi mwenyewe. Fundi alijaribu hatua tano ukutani. Mguu wa kushoto ulizunguka kwa nje, bega likashuka, kisha mwili wote ukaruka kidogo ili kuufuata. Akajaribu tena kwa kujikaza, ikawa mbaya zaidi. Moyo ukamuuma kuliko paja. Siku kumi na mbili alikuwa amewaelimisha watu juu ya mguu wake, na leo mguu ulipotakiwa haukuwapo.

"Mwanangu," akasema, "mjomba wako akuingize. Mimi nitawafuata kwa nyuma. Nitakuharibia."

Binti akamtazama. "Mama aliniambia umeteleza bafuni."

"Mama yako ananisitiri. Nilikaa mezani. Daktari alinikataza, nikakaa kutwa nzima."

Binti aliinama ndani ya gauni lake, akalishika pindo, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu yake kipande kirefu. Kisha akaliachia, akasimama kando ya baba yake.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Unafanyaje? Nionyeshe."

Fundi, bila kuelewa, akapiga hatua mbili. Binti akamtazama miguuni kwa makini, akajaribu. "Hivi?"

"Acha mchezo, watu wamejaa humo ndani."

"Hivi?"

"Bega umelizidisha," Fundi akasema, kwa kuwa fundi hawezi kuona kitu kinakosewa akanyamaza. "Lishushe baada ya mguu, siyo pamoja nao."

"Hivi?"

"Hapo."

Mlango ukafunguliwa, muziki ukaanza. Binti akaupitisha mkono wake kwapani mwa baba yake, wakaingia: mguu unazunguka, bega linashuka, wanaruka kidogo. Wapambe walioona bibi harusi anateremka kushoto walidhani mtindo umebadilishwa bila wao kuarifiwa, wakaangaliana kwa hofu, wakafuata. Watoto wa maua wakafuata wapambe, tena kwa bidii. Safu nzima ikaja ikiyumba kwa pamoja katikati ya ukumbi, na hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mstari wa pili alimweleza jirani yake kwamba ndiyo staili ya siku hizi, na yule jirani akajibu kwamba yeye alishaiona kwenye harusi nyingine. Mtaalamu wa viungo alijifunika uso kwa kadi ya mwaliko. Kisigino, ambaye popote alipo hutazama watu miguuni, alitazama miguuni, akavua miwani akaifuta, na akaendelea kuifuta.

Walipofika katikati Fundi aliangalia chini. Pindo lile la mita nane, alilolisawazisha lisipishane hata upana wa ukucha, lilikuwa linapanda upande mmoja na kuburuzika upande wa pili, kila hatua.

"Pindo linakwenda mrama," akanong'ona. "Nimekaa juu ya meza kutwa nzima ili likae sawa."

"Najua, baba."

"Ukinyooka litakaa sawa."

"Nikinyooka utachechemea peke yako."

Fundi aliukaza mkono wake juu ya mkono wa binti yake, wakaendelea kwenda mbele, pindo likiburuzika.